Rangi ya Chunguni: Vijidudu vinavyotia nguo rangi, na nafasi ya Busia na Malaba

Mnunuzi anayejua nguo hana haraka. Katika soko la Busia, hatua chache kutoka lango la kuvukia kwenda Uganda, huchukua ncha ya kitenge, akailowesha kwa maji ya chupa, kisha akaisugua kwa nguvu juu ya leso nyeupe. Leso ikibaki nyeupe, bei inaweza kuzungumzwa. Ikitoka na doa la buluu au jekundu, muuzaji ataapa mbingu na ardhi, lakini mazungumzo yameshakwisha. Neno moja limetosha kuua biashara: inachuja.

Nyumbani kwetu neno hilo lilikuwa na kisa chake. Jumamosi moja nikiwa darasa la nne, kitenge kipya chekundu kiliingia kwenye beseni moja na sare za shule. Yakatoka mashati matatu ya rangi ya waridi, na langu nikalivaa hadi muhula ukaisha. Kwa miaka mingi, kila nilipokumbuka siku ile nilikumbuka shati. Hivi majuzi, nikiwa nimesimama kando ya mtaro nyuma ya soko huku maji meusi ti yakipita miguuni pangu, ndipo liliponijia swali ambalo siku ile hakuna aliyeliuliza. Yale maji mekundu tuliyoyamwaga nyuma ya nyumba yalikwenda wapi?

Mito miwili, njia moja

Ukiwa Busia unaweza kulifuata jibu kwa miguu. Maji ya mitaro hutafuta bonde, bonde hutafuta Mto Sio, nao Sio huteremka kupitia nchi ya Wasamia hadi Sio Port, unakoingia Ziwa Victoria. Lakini ukishika barabara ya kaskazini kuelekea Malaba, mwendo wa kama kilomita 30, ardhi inabadili mwelekeo. Mto Malaba, unaotoka Mlima Elgon na kuchora sehemu ya mpaka, hauendi Victoria. Hukata kuelekea magharibi, ukaungana na Mpologoma na kuingia Ziwa Kyoga. Na Kyoga ndilo ziwa ambalo Nile hulipitia baada ya kutoka Victoria pale Jinja. Kwa hiyo rangi ya beseni la Busia na ile ya beseni la Malaba huachana kwa muda tu, kisha hukutana ng'ambo ndani ya maji yale yale.

Ule mtaro nyuma ya soko una mwenyewe, nami nilisimama kumtazama akifanya kazi. Ana pipa lililokatwa nusu, limetegwa juu ya mawe matatu na kuni zinawaka. Kando yake kuna rundo la jinzi za mitumba zilizopauka hadi zikawa za kijivu. Anapasua pakiti ya unga mweusi, anaumimina kwenye maji yanayochemka, anaongeza chumvi kwa kiganja, kisha anazamisha jinzi moja moja na kuzikoroga kwa mti mrefu. Mikono yake ni myeusi hadi juu ya vifundo, na rangi iliyoingia kwenye kucha haitoki kwa sabuni. Jinzi ambayo asubuhi haikutazamwa na mtu, jioni inaning'inia kwenye kamba ikiwa nyeusi kama mpya. Ni kazi halali na inalisha watoto. Maji yakishapoteza nguvu, pipa linainamishwa mtaroni.

Ile chumvi ina sababu yake. Huisukuma rangi iingie kwenye nyuzi za pamba, lakini rangi haiingii yote. Hata kwenye viwanda vikubwa vyenye mitambo ya kisasa, sehemu ya rangi hukataa kushika na kutoka na maji. Nyingi kati ya rangi za viwandani ni za ukoo unaoitwa azo, na malighafi yake hutokana na mafuta ya petroli. Zimeundwa zistahimili jua, jasho na sabuni. Sifa ile ile inayotufurahisha nguo ikiwa kwenye kamba ndiyo inayozifanya zikae mtoni bila kuoza, zikiziba mwanga ambao mimea ya majini huutegemea. Baadhi yake zikivunjika hutoa kemikali zinazohusishwa na saratani, na ndiyo maana Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2002 kuzipiga marufuku rangi za azo za aina hiyo kwenye nguo zinazogusa ngozi.

Hata hivyo tusizitukane rangi za viwandani. Kabla yake, zambarau ilikuwa ya wafalme na maskini alivaa rangi ya vumbi. Zilizaliwa pia kutokana na shida ambayo watu wa Busia wanaijua kuliko wengi. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18 wa London, William Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Hakuipata. Alipokuwa akisafisha chupa yake aliona uchafu wenye rangi ya zambarau, akachovya hariri humo, nayo ikashika. Hapo ndipo viwanda vya rangi za kemikali vilipoanzia. Malaria bado iko nasi huku kando ya ziwa, na rangi zilizotokana na msako wa dawa yake sasa zinapita kwenye mitaro yetu.

Ugali uliotoka damu

Miaka 37 kabla ya Perkin, rangi nyingine ilikuwa imejitokeza yenyewe, bila maabara. Majira ya joto ya mwaka 1819, katika kijiji cha Legnaro karibu na mji wa Padua, Italia, watu waliamka wakakuta chakula chao kimetapakaa madoa mekundu kama damu. Chakula hicho kilikuwa polenta, yaani unga wa mahindi uliosongwa kwa maji ya moto. Kwa maneno mengine, ulikuwa ugali uliolala. Hofu ilikuwa kubwa, na watu walisema kuna mkono wa shetani.

Mfamasia mmoja, Bartolomeo Bizio, hakuridhika na maneno hayo. Alichukua kipande cha ugali ule, akakigusisha na ugali mpya, akauweka mahali penye joto na unyevu. Baada ya muda mfupi ule mpya nao ulikuwa mwekundu. Aliyekuwa akitoa damu ni kiumbe hai asiyeonekana kwa macho, anayezaana na kuenea. Bizio akampa jina, *Serratia marcescens*. Neno la kwanza lilimheshimu Mwitaliano mwenzake, Serafino Serrati. La pili lilitokana na Kilatini, lenye maana ya kunyauka, kwa sababu Bizio aliona wekundu ule haukudumu. Shika neno hilo, tutalirudia.

Huenda umeshakutana na bakteria huyu bila kutambulishwa. Ule utando wa waridi unaoteleza kwenye kona za bafu au kwenye tundu la sinki, ambao ukiusugua leo wiki ijayo umerudi, mara nyingi ni yeye. Wekundu wake huitwa prodijiosini. Ana tabia moja ya ajabu: kwenye joto la kama nyuzi 28 hutoa rangi kwa wingi, lakini ukimpandisha hadi nyuzi 37, joto la mwili wa binadamu, anaendelea kuishi ila rangi inazimika. Joto analolipenda kwa kazi hii ni kama lile la mchana wa kawaida wa Busia.

Naye hayuko peke yake. Katika udongo na maji ya nchi za joto anaishi bakteria anayeitwa *Chromobacterium violaceum*, anayetengeneza zambarau nzito inayoitwa violaseini. Kuna jamii ya Streptomyces, wakazi wa udongo ambao huchangia ile harufu ya mvua ya kwanza inapogonga ardhi kavu. Mmoja wao, *Streptomyces coelicolor*, hutoa rangi ambayo huwa nyekundu penye tindikali na buluu penye magadi. Na wapo vijidudu vinavyopenda chumvi kali, ambavyo hulipaka Ziwa Magadi wekundu unaoonekana hata kutoka kwenye ndege.

Chungu, chachu na mirija

Mtu aliyelelewa Teso hahitaji darasa refu kuelewa jinsi rangi hizi zinavyotengenezwa, kwa kuwa ameshaona ajon, pombe ya wimbi, ikipikwa. Wimbi unaoteshwa, unakaushwa na kusagwa, unachanganywa na maji na chachu, kisha chungu kinaachiwa joto na muda. Hakuna anayeona kinachoendelea ndani. Wazee wanapoketi kuzunguka chungu na kuingiza mirija yao mirefu, wanakunywa kazi ya mamilioni ya viumbe vilivyokula sukari ya nafaka na kuacha kitu kingine mahali pake.

Rangi ya bakteria hutengenezwa kwa mpango huo huo. Badala ya chungu kuna tangi safi la chuma lililofungwa. Badala ya chachu ya pombe kuna mbegu ya bakteria aliyechaguliwa, aliye peke yake bila mchanganyiko. Hupewa sukari, chakula chenye naitrojeni, hewa na joto la wastani. Baada ya siku chache uji ule unakuwa mwekundu, wa zambarau au wa buluu. Hapo kuna njia mbili. Unaweza kuikamua rangi, ukaikausha na kuitumia kama unga wa kawaida, au unaweza kuzamisha nguo ndani ya uji wenyewe, bakteria wakashika kwenye nyuzi, kisha moto ukawaua na kuiacha rangi kwenye kitambaa.

Njia hii ya pili ndiyo iliyoshikwa na kampuni ya Colorifix ya Norwich, Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 2016. Chanzo chake kinatuhusu sisi tunaokaa kando ya mito. Wanasayansi Orr Yarkoni na Jim Ajioka walikuwa wakishughulika na kifaa cha kibayolojia cha kugundua sumu kwenye maji ya kunywa nchini Nepali, wakakutana na tatizo la maji machafu ya viwanda vya rangi. Wakajiuliza ikiwa elimu ile ile ya kuipima sumu haiwezi kuizuia isitengenezwe. Husoma maelekezo ya rangi yaliyoandikwa kwenye vinasaba vya kiumbe fulani, wakayaingiza kwenye kijidudu kisicho na madhara, wakakilisha sukari, nacho kikaitengeneza rangi ile.

Bara letu lina mtu wake kwenye hadithi hii. Natsai Audrey Chieza, mzaliwa wa Zimbabwe, alisomea ubunifu London, na mwaka 2011 akaanza kufanya kazi kwenye maabara ya chuo kikuu huko pamoja na mtaalamu wa baiolojia John Ward. Alichukua vitambaa vya hariri, akavikunja na kuvifunga kama mtengeneza batiki anavyofunga, kisha akaotesha *Streptomyces coelicolor* juu yake. Bakteria walipoota kwenye mikunjo waliacha michirizi ya waridi, zambarau na buluu ambayo haiwezi kurudiwa mara mbili. Kinachonivutia kwake ni mahali alipoanzia. Aliijia maabara akiwa na jicho la mtu wa kitambaa, na wanasayansi wakampisha.

Na kama kuna anayedhani huu ni uzushi wa wazungu wa juzi, aende Kano, Nigeria. Mashimo ya nili ya Kofar Mata yanasemekana kuanzishwa mwaka 1498. Nili haiyeyuki ndani ya maji ya kawaida, kwa hiyo fundi huichachusha shimoni pamoja na majivu kwa siku nyingi. Humo bakteria huigeuza ikayeyuka na kuwa ya kijani iliyofifia. Nguo ikitolewa shimoni hutoka na rangi hiyo ya kijani. Hewa inapoipiga, mbele ya macho yako, inageuka buluu. Mafundi wa Kano wamewaajiri bakteria kwa vizazi na vizazi kabla ya mtu yeyote kuwapa jina. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani walikwenda hatua moja mbele: walichukua vinasaba kutoka kwa bakteria mmoja wakavitia kwa mwingine wa kawaida wa maabara, naye akaanza kuitengeneza nili yenyewe.

Sisi pia tulikuwa na rangi zetu. Pwani walitumia magome ya mkoko na nili, na huko Kwale mzingefuri bado unalimwa kwa ajili ya wekundu wa mbegu zake. Shida ya rangi ya mmea ni shamba. Ili kutia rangi nguo za soko zima la Busia ungehitaji ekari nyingi, na huku kwetu, ambako kila mzee akigawa ardhi watoto wanabaki na vipande, hakuna atakayeng'oa muhogo apande rangi. Bakteria wanataka sukari, lakini nyumba yao yote inaenea kwenye chumba kimoja.

Mtihani wa sabuni ya kipande

Makala hii ingekuwa ya kudanganya kama ingeishia hapo. Nilikuomba ulishike lile jina la kunyauka. Prodijiosini ni nzuri kwa macho, lakini jua huipausha. Hushika vyema kwenye hariri, sufi na baadhi ya nyuzi za viwandani, na pamba huishika kwa udhaifu zaidi. Penye magadi wekundu wake hugeuka kuwa rangi ya chungwa iliyoelekea manjano. Sasa fikiria nguo zetu zinavyofuliwa: sabuni ya kipande, ambayo ina magadi, halafu kamba iliyo juani tangu asubuhi hadi saa kumi. Rangi itakayopita kwenye maonyesho ya mitindo Ulaya inaweza kufelishwa na beseni moja la Malaba. Violaseini nayo haipendi jua kali. Nili ya bakteria iko salama zaidi hapa, maana ni ile ile nili ya jinzi ambayo pamba imeizoea.

Usalama nao si jambo dogo. *Serratia* na *Chromobacterium* wanaweza kumdhuru mtu, hasa aliye mgonjwa au mwenye kinga dhaifu. Ndiyo sababu wanaotengeneza rangi kwa uzito hupendelea vijidudu visivyo na madhara, matangi yaliyofungwa, na joto la kuua kila kitu kabla ya maji kutolewa. Mtu asije akaokota utando wa bafuni akautia kwenye sufuria ya jikoni. Maji yaliyobaki baada ya uchachushaji pia yana mabaki ya chakula, na yakimwagwa mtoni ovyo huila hewa ya samaki. Rangi iliyotoka kwa kiumbe hai haimwondolei mtu wajibu wa kusafisha maji yake.

Basi kwa nini nashikilia jambo hili? Kwa sababu kasoro hizi ni za aina inayofanyiwa kazi. Perkin naye ilimbidi atafute dawa za kuifanya zambarau yake ishike kwenye pamba. Kazi ya kupata rangi ya bakteria itakayoihimili sabuni yetu na jua letu haitafanywa na mtu wa Norwich, kwa kuwa hajawahi kuisikia sabuni yetu mkononi. Itafanywa na anayefua huku, au haitafanywa.

Jinzi iliyozunguka dunia

Kuna sababu ya pili, nayo inaniuma zaidi. Mwaka 1992 watafiti kutoka Uingereza walikusanya vijidudu kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, hapa Kenya. Vijidudu vinavyoishi kwenye maji makali kiasi kile vina vimeng'enya vigumu, visivyoogopa sabuni wala joto. Kampuni ya Genencor ya Marekani ikatumia vimeng'enya hivyo kutengeneza bidhaa mbili: moja ya kutia kwenye sabuni za kufulia, na nyingine ya kuzipausha jinzi ili zionekane zimezoeleka mwilini, badala ya kuzisugua kwa mawe viwandani. Kimeng'enya hula nyuzi za juu za pamba, na nili iliyoshika hapo ikaachia.

Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilijitokeza hadharani likasema sampuli zilichukuliwa bila idhini yake, likadai mgao. Kuanzia hapo Kenya imejifunza kufunga mlango. Kanuni za mwaka 2006 zinamtaka anayechukua rasilimali za kijenetiki apate kibali cha mamlaka ya mazingira, NEMA, na akubaliane na wenyeji kuhusu mgao. Mwaka 2007 KWS ilitia saini mkataba na kampuni ya Novozymes ya Denmark wa kuchunguza vijidudu pamoja, mafunzo na mapato yakiwemo. Mkataba wa kimataifa wa Nagoya kuhusu mgao wa aina hiyo, uliopitishwa mwaka 2010, ulianza kutumika Oktoba 2014. Na watafiti wetu wenyewe, wakiwemo wa chuo kikuu cha JKUAT kama vile Hamadi Boga, wamezama kwenye maji ya Ziwa Elmenteita kuhesabu kilichomo.

Lakini rudi kwa yule jamaa wa pipa kando ya mtaro. Kenya iliingiza takriban tani 185,000 za mitumba mwaka 2019, na jinzi zilizopauka ni sehemu ya kila robota. Huenda baadhi ya jinzi anazozipika zilipaushwa kwa kimeng'enya kilichotoka kwenye vijidudu vya Bonde la Ufa. Kama ni hivyo, zilipaushwa ng'ambo kwa kazi ya kiumbe chetu, zikauzwa ghali, zikavaliwa, zikachoshwa, zikarudi kwetu ndani ya robota, na sasa ndugu yetu anazitia weusi upya kwa unga wa pakiti na mikono mitupu. Kila hatua ya safari hiyo imemlipa mtu. Sisi tulitoa kijidudu mwanzoni na mtaro mwishoni.

Kilichopo kati ya Busia na Malaba

Sasa tazama kilicho kwenye barabara hii fupi. Sukari ya kuwalisha bakteria ipo. Kaunti ya Busia ina viwanda vya miwa, na molasi inayobaki baada ya sukari kutolewa, ambayo wengi wanaijua kama chakula cha ng'ombe, ni chakula kinachopendwa na matangi ya uchachushaji kote duniani. Wanga upo pia: muhogo wa Teso na Samia, na makopa yanayovushwa kutoka Uganda kwa magunia. Pamba ipo, ingawa imedhoofika. Wazee wa Samia wanakumbuka siku ambazo kiwanda cha kuchambua pamba cha Mulwanda kilikuwa na msururu wa wakulima.

Elimu ipo. Chuo Kikuu cha Alupe, kilichopewa hati ya kujitegemea mwaka 2022, kiko kwenye barabara hiyo hiyo, na majirani zake ni vituo vya utafiti vya KEMRI na KALRO. Mmoja anajua vijidudu vinavyowaletea watu magonjwa, mwingine anajua mazao. Alupe kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Moi, na Moi ndicho kilichokichukua kiwanda cha nguo cha Rivatex cha Eldoret mwaka 2007. Njia kutoka maabara hadi kitambaa imeshachongwa. Kinachohitajika ni watu wa kuipita.

Na soko lipo, pengine kuliko vyote. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Busia mwaka 2018 kimerahisisha uvukaji, na wanawake wa vitenge hupita hapo kila uchao. Tena biashara ya nguo mpakani iko kwenye njia panda. Mwezi Agosti 2023, akiwa Mbale, mji usio mbali na Malaba, Rais Yoweri Museveni alitangaza nia ya kuzuia mitumba nchini mwake ili viwanda vya nyumbani vipumue. Liwe lisiwe, mfanyabiashara wa mpakani anapaswa kujiuliza atauza nini siku robota litakapokoma.

Ninachokiona mimi kinaanza kidogo. Nyumba moja ya kutia rangi ijengwe karibu na soko, yenye maji ya bomba, matangi ya kusafishia maji, na sehemu ya kazi kwa wale waliozoea mapipa. Wawekwe wao kwanza, kwa sababu wanajua tayari jinsi pamba inavyokunywa rangi. Hata kabla bakteria hajaingia, nyumba hiyo itakuwa imeuokoa Mto Sio na mikono ya vijana. Kisha wanafunzi wa Alupe waende kwenye udongo wa Amukura, kwenye matope ya Budalangi, kwenye kingo za Malaba, watafute vijidudu vyenye rangi visivyodhuru, wakiwa na kibali mkononi na jina la eneo limeandikwa kwenye kila chupa. Nili ya bakteria na nyingine zinazohitaji kuchezea vinasaba zipite kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia, kama sheria ya mwaka 2009 inavyotaka. Kila rangi itakayopatikana ipelekwe kwa mafundi na wauzaji wa vitenge kabla haijapelekwa kwenye jarida.

Atakayesema mambo makubwa hayatoki mji mdogo wa mpakani, akumbuke neno boda-boda. Lilizaliwa papa hapa, kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha abiria na mizigo kutoka lango la Kenya hadi lango la Uganda. Hawakuwa na mfadhili wala ramani. Walikuwa na eneo la katikati ambalo hakuna aliyelishughulikia, wakalishughulikia. Leo neno lao linatumika Kampala, Dar es Salaam na Juba.

Kuna eneo jingine la katikati sasa, kati ya pipa la yule jamaa na mto. Nataka siku moja nisimame tena kwenye kibanda cha vitenge Busia, nimwone mama akiilowesha ncha ya kitambaa na kuisugua kwenye leso yake nyeupe, na leso ibaki nyeupe. Kisha aende nyumbani, akifue kwa sabuni ya kipande, na yale maji ya beseni ayamwagie mgomba wake.